Visahani, marisawa na kuku wa jirani

Kila mgeni anayekuja kwenye klabu yetu ya kulenga visahani kwa shotigani hapa Dar lazima aulize hii klabu ilianza lini na ni ya nani, na kila atakayemuuliza atampa jibu la kwake. Wahindi watamwambia waliianzisha baba zao, wanajeshi wastaafu watasema bila wao ingekufa zamani, na kulikuwa na mzee mmoja Mgiriki, Mungu amrehemu, yeye alikuwa hafichi kabisa, mashine yake kwahiyo klabu yake. Wote wana kaukweli kao. Mi niliingia pale kwa mlango wa nyuma, mjomba angu alikuwa mlinzi wa lile shamba, mi dogo wa shimoni, wa kupakia visahani kwenye mashine ya kuvirusha, baadae nikawa naandika matokeo, baadae tena nikakabidhiwa daftari la risasi ambalo niko nalo mpaka leo. Kwahiyo hii ninayosimulia ni historia inavyoonekana ukiwa shimoni, vikombe waulizeni wenyewe wanaovisugua.

Na ukiwa shimoni unaona kitu kimoja ambacho wanaoshika bunduki hawakioni haraka. Klabu yetu haijawahi kuteswa na uhaba wa walengaji, wala hela, wala hata risasi, japo risasi zilisumbua. Inateswa na ardhi na majirani. Kila ukurasa muhimu wa historia yetu umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika shotigani maishani mwake.

Kwa ambao hawajauona mchezo wenyewe, usifikirie ile ya kulala kifudifudi unalenga karatasi kama JKT. Hapa unasimama, unaita "puul!", mashine inarusha kisahani hewani na wewe unatakiwa ukivunje kabla hakijatua. Kisahani ni lami iliyochanganywa na unga wa chokaa, upana wake sentimita 11 tu, uzito gramu 105, juu kimepakwa rangi ya machungwa kionekane. Trapu ni ile ambayo mashine iko shimoni mbele yako, sahani inakukimbia kwenda mbali na hujui itachepuka kushoto au kulia. Skiti ina vibanda viwili, kirefu kushoto, kifupi kulia, sahani zinapita mbele yako zinapishana na wewe unahama kituo kwa kituo, vituo 8, njia ya sahani unaijua ila kila ukihama pembe inabadilika. Raundi ni sahani 25 kote kote. Kuna watu wanasema mbona rahisi, marisawa, zile punje ndogo za ndani ya risasi, si yanatawanyika yenyewe, hao huwa nawaambia waje Jumamosi. Pale katikati ya skiti sahani inakupita kwa upande, ukiielekezea bunduki yenyewe umekosa, inabidi upige hewa tupu kama mita moja mbele yake na mkono usisimame, ukisimamisha mkono tu marisawa yanapita nyuma ya sahani na wewe unabaki unaikagua bunduki kama ndio yenye makosa. Wanaume wengi sana wanakagua bunduki pale.

Mashine yetu ya zamani ilikuwa ya springi na mkono wa chuma. Unauvuta mkono mpaka usikie umekamata, unaweka sahani, unajikunja pembeni, mlengaji akiita mwenzako anavuta kamba na ule mkono unapita pale kwa kasi ambayo macho hayaioni, unasikia upepo tu shavuni na chenga za lami zinakurukia. Mjomba alinipa sheria moja kabla hajanishusha shimoni, kichwa chako hakipiti juu ya mkono, hata sahani ikidondoka iache, hata nyoka akiingia mwache. Mzee mmoja Singasinga aliyekuwa fundi wa klabu alikuwa na kovu kubwa kiganjani, kila dogo mpya anaonyeshwa lile kovu kama kitambulisho. Yule mzee alitengeneza springi ya akiba kutoka kwenye chuma cha gari bovu na ilirusha sahani vizuri kuliko ile iliyokuja na mashine, sema ilikuwa inalia kama punda.

Kitu kingine cha shimoni ni joto. Januari na Februari ya Dar mnaijua. Lami inalainika, sahani za chini ya boksi zinagandana, ukizibandua kwa nguvu moja inameguka ukingo, na hiyo ukiirusha inapasuka yenyewe hewani. Sahani iliyotoka imevunjika haihesabiwi, inarushwa nyingine, lakini kabla ya nyingine kuna ugomvi, mlengaji anadai kaigusa, mwandishi anasema ilitoka mbovu, na mwandishi ni mpwa wa mlinzi, na mlengaji ni mtu na heshima zake na gari lake liko pale. Tulijifunza kupanga maboksi machache machache juu ya kichanja chini ya mwembe, na ugomvi ukapungua kuliko vikao vyote vya nidhamu vilivyowahi kuitishwa.

Yule mzee Mgiriki wakati wa chai alikuwa anapenda kusimulia mchezo ulikotoka. Zamani Uingereza walikuwa wanapiga njiwa wa kweli, njiwa anafungiwa kwenye kiboksi, kamba inavutwa, anaruka, anapigwa. Hata Olimpiki ya Paris 1900 walipiga njiwa hai, Mbelgiji mmoja anaitwa Leon de Lunden akashinda kwa kuua 21, na kwa jumla waliuawa ndege karibu 300, damu na manyoya uwanja mzima, wakaona hapana, njiwa hai hawakurudi tena. Wamarekani wao walishapita kwenye mipira ya kioo, mwindaji maarufu Adam Bogardus alikuwa na mashine yake ya kurushia hiyo mipira, mingine ilijazwa manyoya ndani ili ikipasuka yatawanyike kama ndege kweli. Shida ya kioo ni vipande, shamba lote linakuwa chupa. Ndio mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akaja na kisahani cha udongo, inasimuliwa kwamba aliona watoto wanarusha magamba ya chaza juu ya maji yakawa yanateleza. Udongo wenyewe ulikuwa mgumu, unapigwa hauvunjiki, baadae ndio ikaja lami na chokaa. Mi hiyo ya magamba huwa naiamini bila ushahidi, maana nenda Coco Beach jioni uone watoto wanavyorusha.

Sasa ya kwetu. Mwanzo wake mi sikuwepo, nahadithia nilivyohadithiwa. Baada ya uhuru kulikuwa na kundi la watu tu, hakuna klabu, Wahindi wenye maduka mjini, Wagiriki wa mkonge waliokuja Dar kwa shughuli zao, Wazungu wa mashirika, Jumapili wanaenda porini kupiga kwale na kanga, wakirudi wanapitia shamba la mwenzao Tegeta wanarushiana makopo. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majumba, Wahindi wengi wakafunga mizigo, kundi likabaki nusu. Halafu Septemba 1973 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima mpaka 1978, na hapo ndipo kwa maoni yangu klabu ilipozaliwa haswa, japo wao wana tarehe zao za kwenye karatasi. Mtu ana bunduki, ana kibali, kanga haruhusiwi kumgusa, atafanya nini? Mgiriki akatoa mashine kuukuu iliyokuwa stoo, Singasinga akaifufua, makopo yakaachwa, wakaanza kuandika matokeo kwenye daftari. Mchezo ambao ilikuwa wa kupotezea muda ukawa ndio mchezo wenyewe.

Miaka ya themanini mwanzoni ilikuwa kavu. Watu wanapanga foleni ya sabuni na unga, nani atakupa fedha za kigeni uagize visahani na risasi za kuchezea? Na ulipokuja msako wa wahujumu uchumi 1983, mzee mmoja aliniambia alikuwa anaogopa hata kukutwa na maboksi ya risasi aliyonunua kihalali miaka ya nyuma, maana ukikutwa na chochote kingi ulikuwa na maelezo marefu. Kwahiyo walikuwa wanakutana Jumapili, wanakaa chini ya mikorosho, wanapiga soga, kila mtu anapiga risasi tano, sita, basi. Daftari la wakati huo kurasa nyingi zina majina tu hazina matokeo. Ila hawakuacha kukutana, na wazee wote niliowauliza wanasema hicho kipindi ndicho walichopatana kuliko vyote. Mi nimekuja mwisho wa themanini, ruksa imeshaingia, visahani vinapatikana, na ugomvi nao ukarudi.

Tegeta wakati ule sio hii mnayoijua. Mikorosho mitupu, vumbi la kiwanda cha saruji cha Wazo kule, barabara ya Bagamoyo gari moja moja. Tatizo letu la kwanza la ujirani likawa watoto. Kila risasi ya trapu ina gramu 24 za marisawa, piga mara 25 kwa mtu mmoja, raundi moja zaidi ya nusu kilo inaenda shambani, na wakati ule wengine walitumia risasi nzito zaidi. Watoto wa pale waligundua haraka kuliko sisi. Siku ya Jumatatu wanaingia na chujio la nazi, wanachekecha mchanga, wanakusanya marisawa kwenye kopo la maziwa, wanayayeyusha juu ya mafiga matatu, wanamimina kwenye vishimo vya mchanga, ikipoa wana chubwi safi, kile kizito cha mshipi, ya kuuzia wavuvi wa Kunduchi na Ununio. Biashara kubwa tu. Mpaka mwanachama mmoja daktari alipoona kijana kainamia lile kopo anapuliza moto akapiga kelele siku hiyo mpaka sauti ikamkauka, maana marisawa ni madini ya risasi na moshi wake ni sumu, mtoto unamharibu ubongo taratibu bila homa bila nini. Wengine walisema tuweke uzio. Daktari akasema uzio gani, mtazungushia shamba zima? Ikaamuliwa klabu yenyewe iwe inakusanya na kuuza, na wale vijana wakubwa wapewe kazi ya shimoni kwa malipo. Nusu ya waandishi wazuri wa matokeo tuliowahi kuwa nao walitoka kwenye lile genge la chubwi.

Halafu wakaja watu wenye futi kamba. Hapa inabidi muelewe hesabu. Marisawa madogo ya trapu yakipigwa juu yanaweza kwenda zaidi ya mita 200 kabla hayajadondoka, kwahiyo mbele ya mlengaji unatakiwa uwe na karibu mita 300 ambazo hakuna mtu, na upana wake nao sio haba maana sahani zinachepuka. Weka mita 300 kwa 400, hiyo ni kama ekari 30. Dalali wa Dar akiona ekari 30 zenye mikorosho haoni mchezo, anaona viwanja vya ishirini kwa ishirini, ukitoa barabara zake bado anabaki na zaidi ya 200. Shamba lilikuwa la mtu, sisi tulikaa kwa maneno ya mdomo na chupa ya whisky kila Krismasi. Mwenyewe alipofariki watoto wake walitupa miezi mitatu, na kwa haki kabisa walikuwa waungwana, walitoa hata lori la kubebea mashine. Sensa ya 2002 Dar ilikuwa na watu kama milioni 2.5, ya 2022 imevuka milioni 5.3. Mi hizo namba naziona kama bati, bati jipya kila wiki upande wa mbele wa uwanja, pale pale sahani inapodondokea.

Tukaenda Bunju. Na Bunju ndio tukakutana na mama wa kuku.

Tulipofika eneo lilikuwa tupu, tukapima, tukachimba shimo, tukajenga vibanda vya skiti kwa mara ya kwanza, watu na furaha zao. Mwaka haujaisha upande wa kulia likaota banda refu la kuku. Hatukujali, banda liko nje ya marisawa. Siku moja katumwa kijana na ujumbe, mama anawaita. Tukaenda watatu, mimi, mwenyekiti, na kanali mmoja mstaafu ambaye yeye kila kitu alikiona ni suala la nani alitangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nyie ndio mnaopiga?"

"Ndio sisi mama."

"Basi ingieni muone."

Akatuingiza bandani. Kuku wa mayai kama mia nane hivi, harufu imekaba, na kona ya mwisho kuna mzoga umepangwa mstari, kuku thelathini na kitu. Akatueleza taratibu bila hata kupandisha sauti. Mlio wa kwanza wa asubuhi ukipigwa wote wanakimbilia kona moja, wanapandiana, wa chini wanakosa hewa wanakufa. Wanaobaki wanataga mayai yenye ganda laini kama karatasi, akatuwekea moja mkononi, ukilibonyeza linabonyea. Kanali akakohoa akasema, "Lakini mama, sisi tulikuwepo hapa kabla yako." Yule mama akamwangalia, akasema, "Baba, kuku hawajui nani alitangulia."

Kanali mwenyewe hakuwa na jibu. Na mi nimekaa kwenye vikao vingi vya klabu, vya katiba, vya ada, vya nani kala hela ya chai, sijawahi kusikia hoja fupi vile ikamaliza mjadala.

Makubaliano yakawa hivi, uwanja tuugeuze robo duara ili milio na marisawa vielekee upande wa pili, na tusipige kabla ya saa tano asubuhi maana kuku wengi wanataga asubuhi asubuhi. Sisi tukachukua trei zake za mayai kwa ajili ya jikoni. Vizuri. Ila kugeuza uwanja kukatuelekeza magharibi, kwahiyo ikifika saa tisa na nusu jua linakushukia machoni, sahani ya machungwa kwenye jua la jioni huioni kabisa, unasikia mashine imelia unapiga kwa dua. Ukitoa asubuhi ya kuku na jioni ya jua tulibakiwa na saa tano mpaka saa tisa, yaani joto lile lile linalogandisha visahani. Watu walilalamika kweli. Wawili wakahama klabu. Mi nilikuwa upande wa mama tangu siku ile ya yai na sijabadilika.

Miaka kadhaa baadae nikiwa nasoma soma mambo ya mchezo kwenye simu ndio nikakuta historia ya skiti yenyewe nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniuliza kaka vipi. Skiti ilianzia Andover, Massachusetts, Marekani, wawindaji wa kwale wa kule akiwemo William Harnden Foster walichora duara kamili kama uso wa saa, mashine moja, unapiga ukizunguka duara lote. Jirani akaanzisha ufugaji wa kuku. Marisawa yakawa yanaelekea kwa kuku. Mwaka 1923 ikabidi walikate duara nusu, wakaongeza mashine ya pili upande wa pili ili upate pembe zile zile bila kupiga kuelekea kwa jirani, na ndio nusu duara tunayoitumia dunia nzima. Jina lenyewe lilipatikana 1926, gazeti la wawindaji liliweka shindano la dola 100, akashinda mama mmoja wa Montana. Kwahiyo mchezo wa Olimpiki, uliingia Olimpiki 1968 kule Mexico, umbo lake limetokana na banda la kuku. Nilimpelekea kanali ile habari. Akajibu neno moja, "Nimesoma."

Bunju nayo ikaisha, na haikuwa kwa sababu ya mama, yeye aliuza banda lake akahamia Mapinga kabla yetu sisi, alitupitia kutuaga akatuachia jogoo. Iliisha kama Tegeta, mwenye ardhi aliuza. Ndio tukahamia Kigamboni, ndani kabisa kuelekea Kimbiji, wakati ule njia ni pantoni. Kuvusha bunduki kwenye pantoni ni kazi, kila silaha kwenye sanduku lake na kufuli, mitutu imetenganishwa na kitako, risasi kwenye gari lingine, nakala za vibali mfukoni, na bado abiria akisikia sanduku lina nini anasogea kama una kipindupindu. Sheria mpya ya kudhibiti silaha na risasi ya 2015 ilipokuja wengine walilalamika mlolongo umekuwa mrefu, mi kwa upande wangu sikuona tabu mpya, kwenye daftari letu kila risasi iliyotoka ina sahihi na kila ganda lililorudi lina sahihi, tangu enzi za Singasinga. Na uwanjani sheria ni ile ile, kama hujasimama kituoni bunduki yako imefunguliwa katikati, mitutu inaning'inia, kila mtu anaona mwanga unapita. Waziri aje, mtoto wa mwenyekiti aje, ndio hivyo hivyo.

Kigamboni ndio ikaleta vijana. Sijui kwanini, labda picha za simu. Olimpiki ya Rio 2016 tuliangalia skiti kwenye simu ya mtu tumebanana watu saba, kukawa na mzee wa Kuwait, Abdullah Al-Rashidi, miaka 52, nchi yake ilikuwa imefungiwa kwahiyo hana jezi ya taifa, basi kavaa jezi ya Arsenal! Mzee anavunja sahani kwenye Olimpiki na jezi ya Arsenal na akaondoka na shaba, na Tokyo akarudi akachukua shaba nyingine akiwa na 57. Jumamosi iliyofuata nilihesabu jezi za Arsenal uwanjani nikaacha. Mtu wa Yanga mmoja akaja na ya Yanga, akakosa karibu raundi nzima, hiyo nayo inasimuliwa mpaka leo.

Na wakaja mabinti. Kuna mmoja alikuwa mwandishi wa matokeo kama mimi, akawa anapiga zile raundi za mwisho wakati wazee wanakula, na anawapita. Wazee wakaanza mambo ya eti apewe kundi lake. Nikawapa habari ya Zhang Shan wa China, Barcelona 1992, skiti ilikuwa mchanganyiko wanaume na wanawake, kabla ya fainali sahani 200 hakukosa hata moja, akachukua dhahabu mbele ya wanaume wote, halafu Olimpiki iliyofuata skiti ikawa ya wanaume peke yao, wanawake wakasubiri mpaka Sydney 2000. Nikawauliza mnataka tufanane na hao? Yuko kundi moja na wao mpaka leo na anawapita. Paris 2024 Adriana Ruano wa Guatemala kachukua dhahabu ya trapu, ya kwanza kabisa kwa nchi yake, na yeye alikuwa wa sarakasi za gimnastiki akaumia mgongo ndio akahamia bunduki. Sisi Tanzania tangu wakimbiaji wetu Bayi na Nyambui walete medali zao za fedha Moscow 1980 hatujaongeza kitu. Simaanishi huyu binti wetu ataleta medali, nasema tu waache kumwekea kundi lake.

Sasa ardhi tena. Aprili 2016 daraja la Kigamboni likafunguliwa na mi siku ile ile nikajua. Safari hii lakini tulikuwa tumeshanunua, tulichangishana wakati wa pantoni, kwa ubishi mkubwa, kuna waliotaka tukodi kama zamani, na hati ikatoka kwa jina la klabu. Kabla hatujachimba shimo tulienda serikali ya mtaa, tukaita kikao cha majirani, tukapiga risasi kumi mbele yao wasikie mlio wakiwa nyumbani kwao, kila mtu aseme. Mzee mmoja akasema ng'ombe wake ana mimba, tukasubiri mpaka azae. Imetusaidia mno. Ila hela yetu ilitosha ekari 12 tu. Zilizobaki, eneo la kuangukia marisawa, ni minazi ya jirani, tulikubaliana tunamlipa kwa mwaka, siku za wiki anaangua nazi zake, Jumamosi bendera nyekundu zinapandishwa hakuna mtu anaingia. Daktari wetu akamwomba asilime mhogo wala mchicha pale chini kwa sababu ya madini ya risasi kwenye udongo, akakubali.

Yule jirani wa minazi amefariki mwaka jana. Watoto wake wamekuja na mpima, bikoni za saruji zimeshasimama kati ya minazi, ya karibu kabisa nimeipima kwa hatua, iko ndani ya mita 200 kutoka shimoni. Tumeongea nao, ni watu wazuri, wako tayari kutuuzia kipande lakini sio chote, na kwa bei ya leo hata hicho kipande tutauza gari la klabu. Kwa kipande hicho skiti haienei, kwa sababu skiti inapiga kushoto na kulia, inahitaji upana kama feni iliyofunguliwa. Trapu inaenea, tena kwa kubana, tukirudisha shimo nyuma mpaka karibu na barabara na tukivunja jiko na choo tukajenga upya upande wa pili.

Kikao ni mwisho wa mwezi. Watu wa skiti wameshaanza kupigiana simu, na yule binti ni mtu wa skiti, ameniambia wazi kaka usije ukapiga kura ya kutufukuza. Mi nitapiga kura shimo lirudi nyuma, skiti isimame mpaka tupate pa kuipeleka, na nimeshaenda kuangalia sehemu moja mbele ya Kimbiji, ina kichuguu kikubwa na hakuna banda la kuku, bado.